Ujamaa, soko au mchanganyiko: tupime kwa gunia la mahindi

Huenda uko kidato cha sita unaandaa mdahalo, au uko chuoni umepewa kazi ya kulinganisha mifumo ya uchumi. Huenda pia mmeunda kikundi cha wakulima na bado mnabishana kama mlime shamba moja ama kila mtu alime kwake. Makala haya nimeyaandika kwa ajili yenu. Nimekaa meza ya waamuzi kwenye midahalo ya shule miaka mingi, na kila mara naona jambo lile lile. Huyu anasimama na Ujamaa wa kwenye karatasi, yule anamjibu kwa foleni za sukari. Huyu anatetea soko kwa maghorofa ya Nairobi, yule anamjibu kwa vibanda vya Kibera. Mmoja kaleta ndoto, mwenzake kaleta kovu, kisha tunapiga kura na kwenda kula.

Ninapendekeza tushike kitu kimoja, gunia la mahindi la mkulima mdogo, tukipitishe kwenye njia tatu kwa maswali yale yale. Njia ya kwanza ni Ujamaa wa Tanzania, tangu Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967 hadi katikati ya miaka ya 1980. Ya pili ni soko na miliki binafsi, kama Kenya ilivyofuata tangu uhuru. Ya tatu ni mchanganyiko wa dola na soko, ambao Tanzania imekuwa ndani yake tangu ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1986. Nimezichagua nchi hizi kwa sababu zilianza karibu mahali pamoja. Zote zilitawaliwa na Mwingereza, zilitumia shilingi moja, reli moja na posta moja, na uhuru wao ulipishana miaka miwili tu.

Tahadhari moja kabla hatujaanza: majina ya mifumo yanapoteza watu. Waraka wa serikali ya Kenya Nambari 10 wa 1965, ambao Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi, alikuwa mhimili wake, ulijiita wa ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye uwezo wa kuzalisha haraka. Na Kenya hiyo hiyo tunayoiita ya soko ilipanga bei ya mahindi na kuzuia yasisafirishwe ovyo kutoka wilaya hadi wilaya mpaka miaka ya 1990. Hivyo ninaposema "soko" nina maana ya njia ilikoelekea. Soko tupu halijawahi kuonekana katika nchi hizi mbili.

Maswali ya kupimia

Maswali ni matano. Ardhi ni ya nani? Bei inapangwa na nani? Mwaka mbaya ukija, mzigo unamwangukia nani? Nani anaachwa nyuma? La tano ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na halimo kwenye vitabu vingi vya shule: mtu wa chini anaweza kusema "hapana, sitaki" na bado akalala nyumbani kwake salama?

Ardhi

Chini ya Ujamaa ardhi ilikuwa ya taifa, na kijiji ndicho kilichoigawa. Faida yake inaonekana hadi leo. Tanzania haikuzaa kundi kubwa la wakulima wasio na pa kulima, na hakuna aliyeweza kununua kijiji kizima na kuwafukuza waliomo. Miiko ya uongozi iliyokuja na Azimio ilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye makampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba, hivyo njia ya mkubwa kujilimbikizia mali ilizibwa, angalau hadharani. Upungufu ni kwamba shamba lisilo lako huwezi kuliweka rehani benki. Tena aliyekuwa na mamlaka ya kukupa ardhi alikuwa na mamlaka ya kukuhamisha.

Kenya ilirithi Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, uliomtaka kila mkulima awe na shamba lililopimwa na hatimiliki mkononi. Hati hiyo ilifungua mikopo, na mikopo ikaleta miche ya chai, kahawa na ng'ombe wa maziwa. Lakini karatasi inayompa mmoja haki ya kumiliki ndiyo inayomnyima mwingine. Nenda Mwambao wa Kenya uone. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitambua madai ya wachache, na watu ambao babu zao walipanda minazi ile wakaja kuitwa maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa.

Mchanganyiko umejaribu kukaa katikati. Sheria za ardhi za Tanzania za 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, lakini mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Ni wazo zuri. Kasoro yake ni kwamba kijiji lazima kipimwe kwanza, na benki nyingi huisita hati ya kimila.

Bei

Hapa tukae kidogo, maana ndipo gunia letu linapozungumza.

Msimu wa 1973/74 serikali ya Tanzania iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, akalipwa sawa na mwenzake wa Morogoro. Gharama ya lori ilibebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Kwa Rukwa, Ruvuma, Mbeya na Iringa ulikuwa mlango uliofunguliwa. Mikoa iliyosahauliwa na mkoloni ikageuka ghala la taifa, na mtu wa Nyanda za Juu Kusini anayeikumbuka enzi hiyo kwa furaha hadanganyi. Ila shirika lililonunua kwa hasara kila msimu lililimbikiza madeni, na mkulima akawa anasubiri malipo yake miezi na miezi. Vyama vya ushirika vilikuwa vimefutwa mwaka 1976, kwa hiyo hakuwa na mnunuzi mwingine. Hata alipolipwa, duka lilikuwa tupu. Fedha isiyonunua sabuni wala khanga haimpi mtu hamu ya kulima ekari ya pili, na wengi wakalima ya kula tu, ziada wakaipitisha kwa njia ya magendo.

Soko likilegezwa, bidhaa hurudi. Tanzania iliona hivyo tangu 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza mali, na wakati wa Rais Mwinyi maduka yakajaa hadi watu wakambatiza Mzee Ruksa. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mama wa nyumbani, na anayelipuuza hakuwahi kupanga foleni. Lakini soko halisubiri mtu mwenye shida. Mwezi wa sita na wa saba, mahindi yanapovunwa kote, mwenye lori anakuja na bei yake. Anadai lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu kwa bei ya gunia la kawaida, na mkulima anayedaiwa karo anakubali. Mwezi wa kwanza mkulima yule yule ananunua mahindi kwa bei ya juu kuliko aliyouzia.

Kuna namna nyingine ya soko ambayo Kenya iliiweza kwenye chai. KTDA, chombo cha kuendeleza chai, ilianzishwa mwaka 1964 ikiwa mamlaka ya serikali ya kuhudumia wakulima wadogo, na baadaye viwanda vikawa mali ya wakulima wenyewe kwa hisa. Leo wakulima zaidi ya 600,000 wanapeleka majani mabichi, wanalipwa kila mwezi kwa kilo na kupata bonasi mwisho wa mwaka. Malalamiko kuhusu bonasi hayajawahi kuisha, na bei yenyewe inaamuliwa kwenye mnada wa Mombasa. Hata hivyo mkulima mdogo yumo ndani ya mnyororo, mwenye hisa na kura.

Mchanganyiko nao tuutazame kwenye korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara mwaka 2007. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda mnadani. Uliwekwa ili kumkinga na kangomba, yaani ulanguzi wa kununua korosho nje ya mfumo kwa bei ya shida. Kisha ikaja Novemba 2018. Wanunuzi walitoa bei ndogo, serikali ikaagiza jeshi lisombe korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini uhakiki ukawaweka baadhi ya wakulima kwenye kusubiri kama kule kwa zamani. Mwaka mmoja kabla yake, 2017, mahindi yalipigwa marufuku kuuzwa nje na bei ikaanguka mikoa ya kusini. Hapa ndipo udhaifu wa mchanganyiko ulipo. Unaweza kukupa ulinzi na uhuru pamoja, lakini mara nyingi hujui ni sheria ipi itatumika mavuno yakifika.

Mwaka mbaya

Ukame wa 1973 hadi 1975 uliikuta Tanzania katikati ya kuhamisha watu. Mashamba ya zamani yalikuwa yameachwa, mapya hayajazaa, na nchi ikatumia fedha zake za kigeni kuagiza nafaka. Wananchi waligawana dhiki kwa usawa zaidi kuliko kwingine, lakini sehemu ya dhiki hiyo ilitengenezwa na sera yenyewe. Halafu zikaja bei za mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin. Si haki kuuhukumu Ujamaa kana kwamba mambo hayo hayakutokea, na si haki pia kuyatumia kufunika makosa yake.

Kenya ilipigwa na ukame mkali mwaka 1984. Serikali ilikuwa na akiba ya fedha za kigeni, ikaagiza mahindi mapema na kuyasambaza, na maafa makubwa yakaepukwa. Tazama vizuri: aliyeokoa ni serikali, na nguvu ya kuokoa ilitokana na mauzo ya chai na kahawa. Nikitakiwa kutetea mchanganyiko kwa mfano mmoja, nitautaja huu, ingawa umetokea kwenye nchi tunayoiweka upande wa soko.

Wanaoachwa nyuma

Ujamaa uliwatafuta walio mbali. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwaketisha watu karibu na redio hadi vijijini kabisa, elimu ya msingi ikafunguliwa kwa wote kuanzia 1977, na katikati ya miaka ya 1980 takwimu za serikali zilionyesha watu wazima zaidi ya 8 kati ya 10 wakijua kusoma. Waliosahaulika walikuwa wanawake, na inauma zaidi kwa kuwa Azimio lenyewe liliwataja. Lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko wote na wanaume wengi wako likizo nusu ya maisha yao. Kijiji cha ujamaa kilipokuja, mwanamke alilima shamba la pamoja, kisha la nyumbani, kisha akaenda kisimani.

Njia ya Kenya iliwaacha wa kaskazini. Ukiamua fedha ziende penye mvua na reli, Turkana na Garissa zitasubiri, na zimesubiri. Katiba ya 2010 ilikubali kosa hilo kwa maandishi. Ibara ya 204 inaunda Hazina ya Usawazishaji, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyotengwa. Mchanganyiko wa Tanzania una TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, kwa kaya maskini na ruzuku ya pembejeo inayokuja na kuondoka. Mbolea ya ruzuku iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikarudi kwa vocha mwaka 2008, na kila ilipoondoka wa mbali ndio waliotangulia kuumia.

Kusema "sitaki"

Litowa, karibu na Songea, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana walianza kijiji cha kulima pamoja kwa hiari yao. Wenzao wakafuata, wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wakawa na shule yao, mashine ya kusaga na ya kupasua mbao. Waliamua mambo yao mkutanoni, na Mwalimu Nyerere alivutiwa nao sana. Ujamaa ule ulifanya kazi, nami nauheshimu. Septemba 1969 chama tawala kikakivunja chama chao, mali ikachukuliwa. Kosa lao lilikuwa kujiamulia. Novemba 1973 kuishi kijijini kukatangazwa kuwa amri, na Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni, mahali pengine kwa nyumba kuchomwa. Jina lilikuwa lile lile, Ujamaa, lakini neno "sitaki" lilikuwa limeondolewa ndani yake.

Kenya ya soko iliacha nafasi ya kutolima kwa amri, lakini kuusema ukweli juu ya ardhi kulikuwa na bei yake. J. M. Kariuki, mbunge aliyeonya juu ya nchi ya matajiri wachache na maskini wengi, aliuawa Machi 1975. Na yule mkulima wa lumbesa, kisheria yuko huru kukataa. Ukweli ni kwamba karo ya mtoto inamkatalia kukataa. Njaa nayo ni mnyapara.

Kwenye mchanganyiko uwezo wa kukataa unategemea vitu vidogo sana: ghala la karibu, SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, inayokopesha wakati wa kusubiri bei, chama cha msingi ambacho hesabu zake zinasomwa mbele ya wanachama. Vikiwepo, mkulima anasubiri Desemba. Visipokuwepo, yuko mahali pale pale pa zamani kwa jina jipya.

Miwani mitatu ya sosholojia

Kwa wanaosoma sosholojia kuna uchaguzi mwingine, wa namna ya kutazama. Nitapita haraka.

Mtazamo wa uamilifu, ambao mizizi yake ni Durkheim, unaiona jamii kama mwili wenye viungo na kuuliza kila kiungo kina kazi gani. Utakuonyesha jinsi shule, ushirika na balozi wa nyumba kumi vilivyoshikilia taifa la makabila zaidi ya 120 bila kusambaratika. Utashindwa kuona anayebanwa ili mwili ukae sawa.

Mtazamo wa migogoro, kutoka kwa Marx, unauliza nani anamnyonya nani. Kijana Issa Shivji aliutumia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970 kuonyesha kwamba benki zikitaifishwa, anayeshika funguo ni mrasimu, yaani ofisa wa serikali, na mrasimu anaweza kugeuka tabaka. Unakata vizuri palipo na maslahi. Udhaifu wake ni kuwaona wakulima kama kundi moja, wakati mama na baba wa nyumba moja hawakubebeshwa mzigo mmoja.

Mtazamo wa mwingiliano, uliotokea kwa akina Mead wa Chuo Kikuu cha Chicago, unakaa kwenye foleni na kusikiliza. Neno "ndugu" lilitumikaje mkubwa alipomwita mdogo? Mlango wa nyuma wa duka ulifunguliwa kwa nani? Nani aliitwa "kupe", yaani mnyonyaji, na lini "mlanguzi" akaanza kuitwa "mfanyabiashara"? Utaelewa watu kwa undani, ila hautakueleza kwa nini sukari haikufika.

Kulingana na hali yako

Unaandaa mdahalo: chagua swali moja kati ya matano na ulisimamie hadi mwisho. Upande wa Ujamaa una nguvu kwenye elimu, afya na bei ya mikoa ya mbali. Upande wa soko una nguvu kwenye bidhaa, mikopo na zao la biashara. Usikubali kuburutwa kwenye swali ambalo upande wako una kovu kabla hujalikiri mwenyewe. Waamuzi tunampa alama anayekiri.

Unaandika utafiti: kama data yako ni takwimu za taasisi, anza na uamilifu. Kama ni madeni, hisa na mikataba, chukua migogoro. Kama ni mahojiano ya wazee watatu kijijini, mwingiliano utakufaa zaidi kuliko vyote. Kuchanganya miwili inaruhusiwa, mradi useme mapema ni upi unaoongoza.

Mnaishi mbali na barabara, zao lenu ni chakula, na mnunuzi ni mmoja: mtahitaji mkono wa dola kwenye usafiri au ghala. Soko peke yake litawapunja. Mko karibu na mji, mna maziwa au mboga, na wanunuzi wanagombania mzigo: msifunge mikono yenu kwa bei ya pamoja isipokuwa kwenye pembejeo, ambako kununua kwa wingi kunashusha gharama.

Mna zao linalohitaji kiwanda, kama chai, korosho au alizeti: fuateni hisa. Shamba libaki la kila mtu, kiwanda kiwe cha wote.

Na ninyi mnaotaka kulima shamba la pamoja, fanyeni hivyo kwa moyo mweupe. Gaweni mavuno kwa siku za kazi zilizoandikwa, za wake zenu na za waume wao kila mmoja kwa jina lake. Kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo, andikeni kwenye katiba ya kikundi jinsi mwanachama atakavyojitoa, atachukua nini, na ndani ya siku ngapi.